Semeni Ukubwa wa Nyumba

Muulize broka yeyote wa Kisumu nyumba anayoitangaza ina mita ngapi za mraba. Atacheka kwanza, halafu atakujibu: ni vyumba viwili vya kulala, kimoja kina bafu lake, maji yapo, ni kubwa tu, njoo ujionee. Jibu hilo limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeliona kuwa ni kukwepa swali. Mabroka wanalitoa, wenye nyumba wanaliunga mkono, na wapangaji wenyewe wanalitetea ukiwabana. Wanachosema ni kwamba hesabu za mita za mraba ni mambo ya Wazungu na wawekezaji wa Nairobi, na kwamba huku kwetu nyumba hujulikana kwa idadi ya vyumba, mtaa ilipo na macho ya anayeitazama.

Maneno hayo hayana ukweli, na yanawagharimu watu pesa kila mwisho wa mwezi.

Kwanza tuache kujisingizia kwamba sisi si watu wa kupima. Nenda Manyatta, Nyalenda au Obunga uulize chumba cha kupanga. Kabla hujaulizia choo kiko wapi, utaambiwa ni cha kumi kwa kumi. Futi kumi kwa kumi ni futi 100 za mraba, yaani mita 9.3 za mraba, na mpangaji wa chumba hicho anazijua zote; anajua kitanda kitakaa wapi, pazia la kugawanya chumba litapita wapi, na jiko litabaki kona gani. Sasa panda upande wa mashamba na viwanja. Mtu akinunua ploti Mamboleo au Riat, anauliza kama ni hamsini kwa mia au arobaini kwa themanini, anamleta mpimaji, anatafuta vigingi kwenye nyasi, na akikuta jirani amesogeza ua hatua mbili, kesi itafika kwa chifu kabla jua halijatua. Cheti cha ardhi kinaandika ukubwa kwa hekta, pamoja na nafasi baada ya nukta.

Kwa hiyo maskini anapima chumba chake, na mwenye uwezo anapima ardhi yake. Kati ya hao wawili yupo mtu wa tabaka la kati anayelipa kodi ya maelfu kwa mwezi, au anayenunua apatimenti kwa mamilioni. Huyo peke yake ndiye anayeambiwa kwamba kupima ni ushamba. Mtu hawezi kuniambia huo ni utamaduni. Huo ni mwanya, na wapo wanaofaidika nao.

Ukitaka kuwajua wanaolipia mwanya huo, waulize maseremala wa Kibuye. Soko lile watu hulijua kwa mitumba na kwa msongamano wa Jumapili, lakini safu za vitanda, makabati na makochi zinazopangwa nje kando ya barabara ndizo zinazojua nyumba za mji huu kuliko ofisi yoyote. Fundi wa Kibuye hakuulizi nyumba yako ina vyumba vingapi. Anakuuliza sebule ni futi ngapi kwa ngapi, na mlango ni wa upana gani. Anauliza hivyo kwa sababu ameshaona kochi likirudishwa kwa mkokoteni, mteja ametahayari, na ubishi umeanza juu ya nani atalipa usafiri.

Chukua seti ya kochi ya watu saba, ile ambayo maharusi huanza nayo maisha. Kuna la watu watatu, la futi saba hivi. La watu wawili, la futi tano na nusu. Na mawili ya mtu mmoja mmoja, kila moja futi tatu na nusu. Kina cha kila kochi ni futi tatu. Ukijumlisha, seti hiyo inafunika karibu futi 58 za mraba za sakafu. Iweke kwenye sebule ya futi kumi kwa kumi na mbili na umemaliza nusu ya chumba kabla hujaleta meza, kabla ya stendi ya televisheni, kabla mgeni hajanyoosha miguu. Broka alisema sebule ni pana. Fundi, ambaye hajawahi kuingia nyumba hiyo, angekuambia kwa tepu yake ya mita tano kwamba unahitaji seti ya watu watano.

Jambo la pili ndilo zito zaidi, nalo halizungumzwi. Tukikubali kwamba nyumba ihesabiwe kwa vyumba vya kulala, tumempa mjenzi sababu ya kuvifinya. Kodi inapanda kwa kila chumba kinachoongezwa, haipandi kwa kila futi. Basi mwenye ghorofa anachukua sakafu ileile, anasimamisha ukuta mmoja zaidi wa matofali, na nyumba ya vyumba viwili imekuwa ya vitatu. Chumba hicho cha tatu mara nyingi ni futi nane kwa tisa. Tia humo kitanda cha tano kwa sita, ambacho pale Kibuye ni cha kawaida kabisa, na umechukua futi 30 kati ya 72. Kabati la nguo litachukua nane nyingine. Mlango nao unataka nafasi ya kufunguka. Kinachobaki ni njia ya kupita kiubavu. Lakini kwenye tangazo ni nyumba ya vyumba vitatu, na kodi yake inalinganishwa na ya nyumba ya vyumba vitatu iliyojengwa miaka ya nyuma huko Milimani, ambako chumba cha mtoto kinaweza kumeza viwili vya aina hiyo na kubakiza nafasi ya dawati.

Soko linalohesabu vyumba bila kupima sakafu humwadhibu mjenzi mwaminifu. Anayejenga vyumba vya kukaa binadamu anapata kodi ileile na yule aliyejenga vyumba vya kulaza godoro. Akiendelea hivyo miaka mitano, atakuwa mjinga kutomwiga mwenzake.

Hapo ndipo wanaponijibu: njoo ujionee. Macho hayadanganyi.

Kuja kujionea kuna bei. Mabroka wengi hutoza ada ya kuonyesha nyumba, mia tano au elfu moja, nayo hairudishwi hata kama umekuta kibanda. Kuna nauli ya bodaboda kutoka Kondele hadi Kenya Re, kisha hadi Lolwe, kisha hadi nyumba nyingine ambayo imeshachukuliwa lakini tangazo bado liko. Tafakari kidogo: broka anayelipwa kwa kila ziara ana haja gani ya kuandika namba ambayo ingekufanya usije? Kila habari inayokosekana kwenye tangazo ni ziara moja zaidi. Ukimya juu ya ukubwa ni sehemu ya biashara yake.

Na macho yanadanganya sana. Chumba kitupu chenye rangi nyeupe huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Simu za siku hizi zina lenzi pana inayovuta kona za chumba nje, hadi bafu la futi nne kwa sita linaonekana kama unaweza kupigia mpira ndani yake. Halafu kuna wale ambao hawawezi kuja kabisa: nesi anayehamishwa kutoka Garissa, mwalimu aliyepangiwa kazi Jumatatu, na Wakisumu walioko Marekani na Uingereza wanaonunua nyumba kupitia picha za WhatsApp na binamu. Huyo aliyeko Minnesota utamwambia aje ajionee?

Kwa wanaoweza kuja, nitawapa mbinu moja isiyohitaji hata tepu. Hesabu vigae vya sakafu broka anapoendelea kusifia taa za dari. Vigae vingi vina upande wa sentimita 40 au 60. Ukikuta vigae vya 40, tisa upande huu na kumi upande ule, chumba ni mita 3.6 kwa mita nne, yaani mita 14.4 za mraba, futi kama 155. Imechukua nusu dakika. Nimewahi kumwona broka akinyamaza katikati ya sentensi alipogundua mteja wake anahesabu.

Wengine husema kupima ni gharama: lazima umwite mpimaji mwenye leseni, umlipe, naye achukue wiki. Hoja hii ingekuwa na uzito kama namba hiyo isingekuwepo. Ipo. Hakuna ghorofa inayojengwa kihalali katika kaunti bila michoro iliyoidhinishwa, na kwenye michoro hiyo vipimo vya kila chumba vimeandikwa kwa milimita. Ada za kuidhinisha michoro kwa kawaida huhesabiwa kwa ukubwa wa jengo. Mkadiriaji majenzi humpa mwenye mradi gharama kwa kila mita ya mraba. Fundi wa vigae hulipwa kwa mita ya mraba, wa plasta vilevile. Na apatimenti zikiuzwa mojamoja chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, mpimaji huandaa ramani inayoonyesha ukubwa wa sakafu ya kila nyumba. Mwenye jengo basi aliujua ukubwa wake alipokuwa analipa. Anausahau anapoanza kulipwa.

Kuna sababu moja ya kitaasisi inayosaidia usahaulifu huo, nayo inastahili kutajwa. Kwa miaka mingi kodi ya ardhi mijini nchini Kenya imetozwa kwa thamani ya ardhi tupu bila kuhesabu jengo lililo juu yake. Kwa hiyo hakuna karani wa manispaa aliyewahi kuhitaji kubisha hodi na kupima nyumba yako ndipo akutoze. Ardhi ilipata vigingi, ramani na rejista. Nyumba ilibaki na sifa.

Sasa nifike kwenye pingamizi ninaloliheshimu, maana hayo mengine ni visingizio. Watu wenye akili huniambia hivi: ukiwalazimisha kuandika namba, wataandika namba za uongo. Na kweli, matangazo ya apatimenti yanayoweka mita za mraba yameanza kuonekana, na nyingi za namba hizo zimevimba.

Zinavimba namna gani? Twende pole pole, kwa sababu ujanja wote uko kwenye kuta. Chukua nyumba ya vyumba viwili ambayo kwa nje ina mita nane kwa tisa. Ukizidisha unapata mita 72 za mraba, na namba hiyo si uongo. Ndiyo eneo lililokaliwa na nyumba pamoja na kuta zake. Lakini ukuta wa nje ukishapigwa plasta una unene wa sentimita 23 hivi. Utoe kila upande, ndani inabaki mita 7.54 kwa 8.54, yaani 64 na kidogo. Toa na kuta za ndani zinazotenga vyumba, tuseme mita 20 za urefu kwa unene wa sentimita 18, zinaondoka karibu mita nne. Umebaki na 61, ambazo ndizo utakazopiga deki. Muuzaji mjanja anaelekea upande mwingine: anaanza na 72, anaongeza mita nne za roshani, kisha mita nane ambazo ni fungu lako la ngazi, korido na lango la chini. Anatangaza 84. Kati ya 84 na 61 kuna mita 23 za mraba, nafasi kubwa kuliko chumba kizima cha studio katika mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, ambacho ni mita 20. Ikiwa nyumba inauzwa kwa shilingi 5,040,000, mnunuzi anadhani kila mita inamgharimu 60,000. Kwa nafasi atakayoishi humo, analipa zaidi ya 82,000.

Basi pingamizi limesimama? Halijasimama. Uongo wa namba una kasoro moja kubwa kwa anayeusema: unaweza kupimwa. Tepu inatandazwa, hesabu inaandikwa, hakimu anaiona. Anayeandika «nyumba pana, ya kisasa» hajasema lolote la kumfikisha mahakamani. Anayeandika 84 ameweka sahihi. Ndiyo maana wanaipenda «pana».

Na nchi nyingine zimeshapita hapa tulipo, tena si zote tajiri. Wahindi waliteseka na jambo hilihili kwa miongo: nyumba ziliuzwa kwa eneo lililojumlisha kuta, ngazi, lifti na ukumbi wa kuingilia, na mnunuzi wa Mumbai au Pune akifungua mlango anakuta robo ya alichonunua iko nje ya mlango huo. Sheria yao ya mwaka 2016 ya kusimamia biashara ya nyumba ikaweka kipimo kimoja, eneo la ndani la sakafu lisilohesabu kuta za nje, roshani wala mashimo ya mabomba. Ufaransa ilikuwa imetangulia. Kwa sheria ya Desemba 1996, inayoitwa kwa jina la mbunge Gilles Carrez, anayeuza nyumba iliyomo kwenye jengo la pamoja lazima ataje ukubwa wake, na sehemu yenye dari chini ya mita 1.80 haihesabiwi. Ukubwa ukipungua kwa zaidi ya sehemu moja ya ishirini, mnunuzi ana mwaka mmoja wa kudai bei ipunguzwe kwa kiasi hichohicho. Hiyo sehemu moja ya ishirini inanipendeza. Inakubali kwamba mkono wa mpimaji unaweza kuteleza, na inakataa kwamba uteleze mita ishirini. Marekani, ambako tunadhani kila kitu kilishapangwa, ni Aprili 2022 tu ambapo Fannie Mae, shirika kubwa linalonunua mikopo ya nyumba, lilianza kuwataka wathamini wapime kwa kanuni moja. Tusijione tumechelewa mno.

Hapa kwetu hatuhitaji kusubiri Bunge. Tayari serikali, katika mpango wake wa nyumba za bei nafuu, imezoesha watu namba: chumba kimoja cha kulala mita 30 za mraba, viwili 40, vitatu 60. Unaweza kuzilaumu kwa udogo, na mimi ninazilaumu. Mita 40 ni kama vyumba vinne vya kumi kwa kumi na kipande, na ndani yake familia inatakiwa ipike, ioge na ilale. Lakini angalau naweza kuzilaumu, kwa sababu zimesemwa. Nyumba za watu binafsi huko Migosi siwezi hata kuanza kuzilalamikia. Nalalamikia nini, kivumishi?

Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba, iliyoundwa chini ya Sura ya 533, inaweza kuwaambia mawakala iliowasajili kesho kwamba tangazo lisilo na vipimo vya vyumba si tangazo. Najua mabroka wengi wa mitaani hawajasajiliwa na hawataisikia. Sawa. Wakianza waliosajiliwa, mteja atakuwa na kitu cha kuwauliza wengine. Pale sokoni Kibuye muuza nyama akikutwa na mizani isiyopigwa mhuri ameshavunja Sheria ya Mizani na Vipimo, na kinachouzwa ni nusu kilo.

Nasikia pia lile la mwisho, kwamba ukubwa si kila kitu: kuna maji, kuna usalama, kuna upepo wa ziwa unaoingia dirishani jioni au usioingia. Nakubali yote. Nyumba ya mita 60 isiyo na maji ni adhabu. Lakini hebu angalieni matangazo yenyewe: kisima kimetajwa, geti la umeme limetajwa, kabro kwenye maegesho imetajwa, intaneti imetajwa. Kila ambacho mpangaji anaweza kukihakiki siku ya kwanza kinatajwa bila kuombwa, ila kimoja.

Tangazo lenyewe halihitaji hata umbo jipya. Liandikwe hivi: Migosi, ghorofa ya pili, vipimo ni vya ndani, ukuta kwa ukuta. Sebule futi 12 kwa 14. Jikoni 7 kwa 9. Chumba kikubwa 11 kwa 12, kidogo 9 kwa 10. Bafu na choo 5 kwa 7. Korido 3 kwa 14. Jumla futi 530 za mraba, yaani mita 49. Roshani 4 kwa 9, haimo kwenye jumla. Maji ya kisima, kodi kadhaa, simu hii hapa.

Nilipomwonyesha mfano huo mwenye nyumba mmoja, alisema ataonekana ana nyumba ndogo. Nikamwambia nyumba yake ni ndogo, na kwamba wapo watu wengi mjini humu, wasio na watoto bado, wanaoitafuta nyumba ya ukubwa huohuo na wamechoka kulipia ziara za kwenda kuona nyingine. Akaniuliza jirani yake mwenye ghorofa inayofuata naye ataandika? Hilo ndilo swali pekee la maana nililowahi kuulizwa juu ya jambo hili, na linaelekezwa kwa Bodi na kaunti, si kwangu.